Spana Chini ya Kiti

Baba mkwe wangu aliuza zizi zima akanunua gari la jipu. Tena si jipu jipya. Lilikuwa jipu la kijeshi lililochoka, likaburuzwa miaka kadhaa na bwana mmoja wa machimbo kule Geita mpaka rangi ikakata tamaa. Yule bwana alikuwa anarudi kwao, mzee akaona bahati imemwangukia. Ng'ombe walioondoka kwa ajili ya jipu lile ni pamoja na wale niliowapeleka mimi mahari. Majirani zake, ng'ambo ya mji mdogo wa Mhunze, walimtania kwamba ng'ombe wake siku hizi wanakunywa petroli. Nilicheka pamoja nao, ingawa moyoni nilikereka.

Kwetu mtu asiye na ng'ombe ni kama hayupo. Shemeji zangu wawili walikuwa wamefikia umri wa kuoa, na mahari zao zote sasa zilikuwa zinatembea kwa magurudumu manne. Mzee alipakia wachimbaji, chumvi, majembe na sabuni, akapita Kahama, akaingia barabara ya Geita, akarudi na watu wengine. Jipu likifa, nyumba imekufa. Hilo alilijua kila mtu, na mzee alilijua kuliko sote.

Mimi nilikuwa fundi Shinyanga mjini, gereji ya Muhindi mmoja karibu na stesheni ya reli. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Kazi niliifunzwa Tabora na mzee wa Kimanyema aliyekuwa mkali kupita kiasi; ukimwambia gari limeharibika alikuwa anakuuliza, wapi, lini, kwa nini, na ukijibu moja tu kati ya hayo anakurushia kitambaa chenye grisi usoni. Nilitoka kwake najua kazi. Hilo nalisema bila aibu. Kosa langu halikuwa la kutojua kazi.

Sasa lazima nieleze habari ya ukwe, maana vijana wa leo wanawapiga wakwe zao mabega na kuwaomba sigara. Kwetu, enzi zile, ukimwona baba mkwe njiani unaingia porini mpaka apite. Hamli pamoja, hampeani mikono, humtazami usoni, na neno lako humfikishii wewe mwenyewe, unampa mtu akuchukulie. Mama mkwe ndiyo usiseme. Hata sauti yake ulikuwa unaisikia kwa kuiibia. Nilikuwa nimeishi na binti yao miaka minne na ningeulizwa mama yake ana sura gani, nisingeweza kuapa.

Kwa hiyo mzee alipoleta jipu gereji mara ya kwanza ilikuwa kichekesho. Alilisimamisha uani, akashuka, akaenda kukaa kwenye benchi la nje akiutazama upande wa reli, mgongo kwangu. Mimi nilizunguka nyuma ya lori, nikaliendea jipu kwa kuinama. Nilipohitaji kujua lilikuwa linalalamika nini, nilimwuliza tajiri yangu, Muhindi akaenda kwenye benchi kuuliza, akarudi na jibu, akaenda tena. Safari ya tatu alichoka. Akasema sisi watu wawili tunacheza kombolela, na kwamba yeye hakuajiriwa kuwa barua. Alikuwa anacheka, lakini nilimwonea haya mzee, kwa sababu najua alisikia.

Jipu lilikuwa limelala upande, nyuma kushoto. Jambo hilo huna haja ya kuambiwa, unaliona ukisimama nyuma ya gari kwenye sakafu iliyo sawa. Nikapima kwa mkono, kama nilivyofundishwa: kati ya ekseli na kile kipande cha mpira kinachozuia ekseli isigonge chesisi. Upande wa kulia ngumi yangu iliingia. Upande wa kushoto vidole viwili, tena kwa kubana. Nikaingia chini na nyundo. Springi ya gari kama lile ni pleti, yaani vyuma bapa vinavyolaliana, kirefu juu na kifupi chini, na kila kimoja ukikigonga kinakujibu. Kilicho kizima kinalia. Kilichopasuka kinatoa sauti ya kopo lililojaa mchanga. Niliigonga ile ndefu ya juu, nikaisikia. Nikafuta matope, nikauona ufa karibu na ncha, pale springi inaposhikana na chesisi.

Ufa wa kwenye ncha ni habari ya mzigo na mashimo. Mzee alikuwa anapakia kupita kiasi, na nani asingefanya hivyo? Ana vijana wawili wa kuozesha. Nilikata pleti nyingine kutoka springi ya lori bovu, nikaipinda, nikaichoma, nikaipoza kwenye mafuta, nikaifunga. Jipu likasimama sawa. Mke wangu alipompelekea baba yake chakula alirudi ameniletea salamu zake na jogoo. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilijiona mkwe wa maana.

Wiki chache baadaye likarudi limelala upande uleule. Safari hii pleti ilikuwa imekatika katikati kabisa, kwenye lile tundu inapopita bolti ya kuzishika pamoja. Nikajilaumu mimi. Nikasema chuma changu kilikuwa kibaya, au nilikipoza haraka mno kikawa kama kigae. Nikatengeneza kingine kwa uangalifu, nikakichoma tena mara mbili, nikakaza kila kitu. Mzee akaondoka. Hakusema neno la kulalamika, wala kwa mdomo wa mtu mwingine.

Mara ya tatu alikuja na mama mkwe. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa pili na bibi yake alitaka kumwona. Kwangu wasingeweza kulala, hiyo ingekuwa aibu, wakafikia kwa ndugu yao mmoja ng'ambo ya reli. Jipu likaja gereji. Tajiri yangu alikuwa amekwenda Mwanza kutafuta vipuri, asingerudi mpaka mwisho wa juma. Mzee akakaa kwenye benchi lake. Mimi nikaingia chini, nikagonga, nikafuta, nikatazama. Katikati tena. Tundu lilelile.

Nililala pale chini muda mrefu, nakumbuka, mafuta yakinidondokea shingoni, na nikamsikia mzee wangu wa Kimanyema akiniuliza wapi, lini, kwa nini. Wapi, nimeshajua: katikati. Lini, kila mara baada ya kutoka kwangu na kubeba mzigo siku kadhaa. Basi kwa nini? Springi haivunjiki katikati ikiwa imebanwa sawasawa, kwa sababu pale katikati haichezi. Ikichezacheza ndipo inapokatika. Na kinachoibana ni zile yubolti, vyuma vilivyopindwa kama kitanzi vinavyoikumbatia springi na ekseli, na nati zake nne. Mimi nilikuwa nazikaza jipu likiwa tupu, limekaa juu ya jeki. Pleti mpya zina kutu, zina ukoko wa moto. Gari likipakiwa na kupigwa siku nzima na barabara ile, pleti zinalaliana vizuri zaidi, zinapungua unene kidogo, kama nguo zinavyokaa vizuri sandukuni ukizikalia. Ikishapungua, ile nati niliyoikaza mpaka mishipa ikanitoka inakuwa imelegea. Chuma changu hakikuwa na kosa. Nati zilitakiwa kukazwa tena siku ya pili, na baada ya hapo zitazamwe kila asubuhi. Ndiyo dawa yake yote. Mtu mwenye spana na mkono mzima anaimaliza kabla chai haijachemka.

Nikajua pia jambo la pili, nalo lilinitia baridi. Yubolti zikilegea sana, bolti ya katikati ikikatika pamoja na pleti, hakuna kitu kinachoizuia ekseli. Inateleza nyuma upande mmoja. Gari linaanza kutembea kimshazari kama mbwa anavyokimbia. Na siku likiwa kwenye mteremko linaweza kugeuka lenyewe, usukani ukiwa bado mkononi mwa dereva.

Sasa, siku ya pili mzee angekuwa wapi? Kahama, au amekwisha ipita. Asingerudi kwangu kukaziwa nati. Ilibidi akaze mwenyewe, na ili akaze ilibidi alale chali mavumbini, mzee mwenye mvi, mbele ya abiria wake, kwa sababu mkwe wake kamwambia. Alikuwa amekaa hatua kumi kutoka nilipokuwa. Niliuona mgongo wake kupitia kati ya magurudumu, na shati lake la kaki lililoshonwa begani. Nikatengeneza pleti mpya, nikafunga, nikakaza. Kisha nikachukua spana ya saizi ya zile nati, nikaiviringisha kwenye kipande cha kaki, nikakifunga kwa fundo, nikaiweka chini ya kiti cha dereva.

Jioni nikamwita mke wangu. Nikamweleza taratibu, nikamfanya arudie mara mbili kama mtoto wa shule: amwambie baba yake kuna spana chini ya kiti, kesho akifika Kahama akaze nati nne za nyuma kushoto na nne za kulia, na kila asubuhi kabla ya kuwasha gari aingie chini azitazame. Asipofanya hivyo gari litamwua. Nilisema hivyo hivyo, litamwua. Akachukua chakula chake na mtoto mgongoni akaenda ng'ambo ya reli. Aliporudi nikamwuliza amesemaje.

"Anakusalimu. Anasema yote ni mazuri," akanijibu.

Nikalala usingizi mzuri.

Habari zilikuja siku ya tano, na dereva wa lori la pamba. Kwenye mteremko wa kushukia mto wa mchanga, mbele ya Kahama kuelekea Geita, jipu liligeuka upande likabiringika. Abiria wawili walivunjika, mmoja mguu na mmoja mbavu. Mama mkwe hakuwemo, alikuwa amebaki kwa ndugu yao. Mzee alirushwa. Alikata roho kabla ya saa sita mchana.

Walimzika kwao. Kabla ya kwenda matangani nilipanda lile lori la pamba nikaenda kuliona jipu, kwa sababu mimi ni fundi na sijui namna nyingine ya kulia. Lilikuwa bado mtoni, magurudumu juu. Ekseli ya nyuma kushoto imerudi nyuma kiasi cha shibiri nzima. Nati mbili hazipo, mbili zimening'inia mwishoni mwa nyuzi zake. Nikaingiza mkono chini ya kiti kilichopinduka. Spana ilikuwepo, imekwama kwenye vyuma vya kiti. Kaki ilikuwa imeviringishwa kama nilivyoiviringisha, na fundo lilikuwa fundo langu.

Hasira iliyonipata pale sijawahi kuipata tena. Nilikaa kwenye mchanga nikamtukana maiti. Nilisema: mzee mkaidi, umeambiwa, umepewa na chombo, ukaona kulala chini ni aibu kwako. Ng'ombe wote wale. Vijana wale wawili. Kwa ajili ya mavumbi ya mgongoni!

Na laiti ningeyaacha maneno yale mtoni. Matangani wanaume walikaa upande wao, wanawake upande wao nyuma ya uzio wa minyaa, na kila mtu alitaka kujua imekuwaje. Wengine walisema ni uchawi, kuna mtu alilionea wivu jipu. Mimi fundi nikaona ni wajibu wangu kuwatoa ujinga. Nikatoa spana, nikaionyesha na fundo lake. Nikasema kwa sauti, wala sikuinama, kwamba marehemu aliambiwa la kufanya na hakulifanya, na kwamba pasitafutwe mchawi.  Shemeji yangu mkubwa alitazama chini. Nyuma ya minyaa hapakuwa na sauti hata moja, na najua walinisikia, mke wangu na mama yake.

Jipu liliuzwa kama chuma chakavu. Shemeji zangu walikwenda machimboni Geita kuchimba kama vibarua, mahari hakuna. Katika ukoo ule marehemu akabaki mzee aliyekataa kusikia, akawamaliza watoto wake kwa kiburi. Nilisikia watoto wadogo wakiambiana hivyo. Maneno yalikuwa yangu.

Mke wangu alinyamaza miezi. Si kwamba alikuwa amenuna, la. Alipika, alifua, alinyonyesha, akanijibu nilipomwuliza. Nilidhani ni msiba. Siku moja ya masika nilikuwa nimelala chini ya gari la mtu uani kwetu, nikamsikia amekuja amesimama, naona miguu yake tu.

"Sikumwambia," akasema.

Nikauliza, kumwambia nani, nini. Akasema habari ya nati. Akasema alifika pale, baba yake anakula, akashindwa. Atamwambiaje baba yake kwamba mumewe anamwagiza alale chini? Angeonekana ameolewa na mtu asiye na adabu, tena yeye ndiye mjumbe wa utovu huo. Akamwambia tu kwamba fundi anamsalimu na gari limepona. Mzee akashukuru. Hizo salamu alizoniletea zilikuwa za kweli.

Nilitoka chini ya lile gari na maneno mengi mdomoni. Nilikuwa mtu wa hasira, na siku ile nilikuwa na haki. Lakini hakunipa nafasi. Aliniuliza jambo moja, wala hakupandisha sauti.

"Ulikuwa hatua kumi kutoka kwake. Kwa nini hukumwambia mwenyewe?"

  Ningeweza kumtuma mlinzi wa gereji, ningeweza kumtuma mpita njia yeyote. Nikaona si vizuri mtu baki aende kumwagiza mkwe wangu kulala mavumbini. Nilitaka neno gumu lisemwe na mtu mwingine, heshima yangu ibaki safi. Ndivyo ilivyokuwa, na kulipamba jambo hili siwezi.

Jumapili iliyofuata nikaenda ukweni. Nilikuwa nimeapa nitalirudisha neno langu, na kwa mara ya kwanza sikutaka kulituma. Mama mkwe alikuwa peke yake nyumbani. Nikasimama nyuma ya nyumba, upande usio na mlango, nikaweka paji la uso kwenye ukuta wa udongo. Nikakohoa. Ndani, sauti ya kukoboa mtama ikakoma.

Nikasema, nikimwita mama kwa lugha yetu: "Mayu, ni mimi. Mzee hakuambiwa. Niliyoyasema matangani ni uongo. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia, sikumwambia." Mke wangu sikumtaja. Nilikuwa nimekusudia kulibeba peke yangu, angalau hilo.

 Halafu ikaja sauti, karibu sana, kumbe naye alikuwa amesimama ukutani.

"Najua hakuambiwa," akasema. "Mwanangu alikuja kwangu kwanza, akaniuliza aseme au asiseme. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, baba yako ni mtu mzima, asilazwe chini na mkwe."

 Akaendelea, akasema siku ile ya matanga alinisikia nikimwita mumewe mkaidi, na alitaka kusimama, akaketi tena. Mwanamke atasimamaje mbele ya mkwe wake kusema? Kisha akaniambia niende zangu kabla sijaonwa. Na akaniomba kitu kimoja, nisimwambie binti yake kwamba amelisema. Binti yake alikuwa ameamua kumficha mama yake, akajitwika lote, na mama hakutaka ajue kwamba siri hiyo imefichuka. Nikasikia kinu kinaanza tena, polepole.

Nilitembea mpaka barabarani nikingoja lori, na njia nzima nilipanga nitakavyosema nyumbani. Nilisema nimechoka na wajumbe. Nilisema watu watatu tumemheshimu mzee yule mpaka kaburini, na leo basi, nitafungua mdomo, iwe inavyokuwa. Nilifika jua linazama. Mke wangu alikuwa mlangoni na mtoto. Akanitazama usoni, akauliza mama yake amesemaje.

"Anakusalimu," nikasema. "Anasema yote ni mazuri."